Sura ya Saba: Kura Iliyokwisha Kupigwa

Mwaka 2007 Aden Duale aliingia Bungeni kutoka Dujis kwa tiketi ya ODM. Mwaka 2013, Dujis ilipogawanywa na yeye akawania Garissa Township, alirudi kwa tiketi ya URP. Mwaka 2017 alikuwa Jubilee, na mwaka 2022 akawa UDA. Chaguzi nne, vyama vinne, na zote alishinda. Nathif Jama alikuwa gavana wa kwanza wa Kaunti ya Garissa mwaka 2013 akiwa Wiper. Alipokitwaa tena kiti hicho mwaka 2022, baada ya miaka mitano nje, alikuwa ODM. Farah Maalim aliwakilisha Lagdera kupitia FORD-Kenya mwaka 1992, akawa Naibu Spika akiwa ODM baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka 2022 akachaguliwa Dadaab kwa tiketi ya Wiper.

Siyataji majina haya ili kumshtaki mtu. Sheria ya Kenya inamruhusu mwanasiasa kuhama chama uchaguzi unapowadia, na wanasiasa wa Kiambu, Kakamega na Kilifi wamehama vilevile. Nayataja kwa ajili ya mtu ambaye hatajwi popote: mwanachama wa kawaida. Yule aliyevaa fulana ya chungwa mwaka 2007, akakesha na redio akisubiri matokeo, akagombana na shemeji yake kwa sababu ya chama, kisha miaka mitano baadaye akaambiwa rangi ni nyingine. Na miaka mitano mingine, nyingine tena. Ukimkuta leo kibandani Soko Mugdi, mjini Garissa, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, ukimuuliza chama chake ni kipi, atakutajia jina la mtu. Ukimbana zaidi, atakutajia ukoo.

Wanaosema hamasa ya vyama hushuka Kaskazini Mashariki kila uchaguzi unapokaribia wanasema kweli. Wanapokosea ni kwenye chanzo. Nairobi maelezo huwa mepesi: watu wa huko hufuata ukoo, siasa ya vyama hawaijui. Mimi naona kinyume chake. Watu wa Garissa, Wajir na Mandera wanakijua chama vizuri mno. Wamekiona kikigawa tiketi hotelini, kikiachwa siku ya pili ya ushindi, kikiuzwa na kununuliwa katika miungano. Wamegundua kwamba zamu yao inapofika, uamuzi umeshapita. Chama kwao ni gari la kukodi ambalo abiria hachagui dereva wala njia, ila nauli anatoa yeye. Mtu aliyegundua jambo kama hilo hawezi kulaumiwa kwa kukosa shangwe.

Kura ya kwanza ya maana kwa eneo hili ilikuwa kura iliyosusiwa. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuzunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kama NFD, kuwauliza wakazi wanataka kuwa wapi Kenya itakapopata uhuru. Tume ilisikiliza, ikaripoti kwamba walio wengi wanataka kujitenga na kuungana na Jamhuri ya Somalia. Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba eneo hilo litakuwa jimbo la saba la Kenya. Chama kilichokuwa na nguvu huko, NPPPP, kikasusia uchaguzi wa Mei 1963. Unaweza kukubali au kukataa walichokitaka watu wale. Mimi ni Mkenya na sioni mipaka ikichorwa upya. Lakini huwezi kupuuza walichofunzwa: waliulizwa, wakajibu, jibu likawekwa kabatini.

Mwishoni mwa Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa. Vita vilivyoitwa vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini amri za hali ya hatari hazikwenda na vita. Zilibaki hadi mwaka 1991. Ndani ya miaka hiyo kuna Bulla Kartasi, mjini Garissa, Novemba 1980, mtaa ulipochomwa na watu kuuawa. Kuna uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, watu walipokusanywa na kuuawa. Kuna mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipopigwa msasa mmoja mmoja na kupewa kadi ya pekee ili kuthibitisha uraia waliozaliwa nao. Na katika mingi ya miaka hiyo chama kilikuwa kimoja, KANU. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 uliwataka wanachama wasimame nyuma ya mwaniaji au picha yake, hadharani, maafisa wa serikali wakitazama na kuhesabu. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alihesabiwa ameshapita bila kura ya siri. Kwa Mkenya wa Nyeri au Machakos ule ulikuwa wizi. Kwa mtu aliyekuwa akiishi chini ya amri za hali ya hatari, ambaye afisa yuleyule anayehesabu foleni angeweza kumweka ndani, ulikuwa jambo zito zaidi ya wizi.

Ndipo mwaka 1991 ukaleta mambo mawili karibu kwa pamoja: amri za hali ya hatari zikafutwa, na mwezi Desemba kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikaondolewa katika Katiba. Huku kaskazini, basi, vyama vingi vilikuja mkono kwa mkono na ruhusa ya kutembea. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka joto la wakati ule. Lagdera ilimpeleka Bungeni mpinzani, Farah Maalim, mbele ya uso wa KANU. Hamasa ilikuwepo, basi. Swali ni ilienda wapi.

Sehemu ya jibu iko Wajir. Uchaguzi huohuo wa 1992 ulichochea mapigano ya koo, kwani kiti kimoja kilipoponyoka mikononi mwa ukoo uliozoea kukishika, uhasama wa malisho na visima ulipata jina jipya la siasa. Watu wakauana. Waliosimama kwanza kuzima moto ule hawakuwa wazee wala wabunge. Walikuwa wanawake, wauzaji na wateja wa soko la Wajir, waliokubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote anunue na kuuza bila kuguswa, wakaunda kamati ya kuangalia soko, kisha wakawaendea wazee na vijana. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja kutambuliwa dunia nzima na kupewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, kabla ya kufariki mwaka 2011. Kazi yao ndiyo iliyowaleta wazee wa koo mezani na kuzaa Azimio la Al-Fatah la mwaka 1993, ambalo liliweka namna ya kulipana na kukomesha visasi.

Nasimama hapa kwa makusudi, maana mengi yanayosemwa juu ya mabaraza ya wazee huruka sura hii. Heshima waliyo nayo wazee katika siasa za leo ilichumwa katika amani. Watu waliwapa wazee nafasi ya kugawana viti kwa sababu walikuwa wamewaona wakigawana visima na malisho bila damu. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, na kaunti zikapata magavana wenye bajeti za mabilioni, ilionekana ni busara kuhamisha utaratibu uleule: kikao kikae, koo zikubaliane nani achukue ugavana, nani useneta, nani naibu, nani ubunge wa wapi, ili siku ya kura isiwe siku ya vita. Hiyo ndiyo inayoitwa demokrasia ya maelewano. Mandera, yenye kumbukumbu za mapigano ya koo, ya Garre na Murule, ya Garre na Degodia, ilikuwa na sababu nzito za kuitaka.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Baraza linakaa, mara nyingi kwa gharama za mwenye kutaka kiti. Waliomo ni wanaume. Jina likishatoka, chama hupelekewa kama karani anavyopelekewa barua ya kupigwa muhuri, na chama hufurahi kwa sababu kimeepushwa gharama na fujo za kura za mchujo. Tiketi ya moja kwa moja hutolewa. Mwanachama wa chama hicho wa Fafi au Balambala, hata akiwa amejiandikisha na kulipa ada, hakuulizwa popote. Wanawake waliotoka sokoni Wajir kutafuta amani hawamo kikaoni ambako matunda ya amani hiyo yanagawanywa. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika sura hii.

Vijana nao wako nje. Barubaru wa miaka 25 aliyesoma shahada Moi au Maseno anarudi nyumbani, anataka uwakilishi wadi, na jambo la kwanza analoulizwa si anajua nini au chama chake kina mpango gani wa maji. Anaulizwa: zamu ni ya nani? Zamu ikiwa si ya jilib yake, yaani tawi lake la ukoo, arudi nyumbani akangoje. Huyo ndiye ambaye miezi sita kabla ya uchaguzi vyama humtaka apande gari, apige honi na kuimba.

Mwaka 2016 baraza la wazee wa Garre lilitangaza kwamba viongozi wa ukoo huo waliochaguliwa 2013 wasirudi uwanjani. Gavana wa Mandera, Ali Roba, alikataa. Jubilee, chama kikubwa cha wakati huo, ilikuwa na mwaniaji mwingine, Hassan Noor Hassan. Roba akaingia katika chama kidogo, EFP, na mwaka 2017 akashinda. Uchaguzi huohuo Mandera ilimpa Uhuru Kenyatta wa Jubilee kura nyingi mno za urais. Wapiga kura walikuwa na karatasi mbili mikononi, kwa moja wakaikubali Jubilee, kwa nyingine wakaikataa Jubilee pamoja na baraza. Mwaka huohuo Sophia Abdi Noor alishinda Ijara kwa tiketi ya PDR, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneobunge katika Kaskazini Mashariki yote.

Matokeo hayo mawili yananiambia kwamba mpiga kura wa huku hajalala. Akipewa nafasi ya kweli ya kuchagua, huchagua, hata dhidi ya wazee anaowaheshimu, hata dhidi ya chama alichokipigia kura ya urais dakika moja kabla. Kinachomchosha ni kuitwa kushangilia pale ambapo nafasi hiyo haipo.

Mwaka 2022 ulimchosha zaidi. Kwanza palikuwa na ukame. Kufikia Agosti, misimu minne mfululizo ya mvua ilikuwa imeshindwa, ngamia na ng'ombe wamekufa kwa maelfu, na wafugaji wamehamia mbali na vituo walikojiandikisha. Kura ya Kenya imefungwa na kituo. Mfugaji aliyejiandikisha Masalani akiwa na mifugo yake kilomita nyingi kutoka hapo, ana hesabu ngumu ya kufanya asubuhi ya uchaguzi. Idadi ya waliojitokeza ilishuka nchi nzima, kutoka karibu asilimia 78 mwaka 2017 hadi karibu 65, kwa hiyo uchovu haukuwa wa kaskazini peke yake. Lakini mwingine alibaki nyumbani kwa kukata tamaa na mwingine kwa kufuata maji, na takwimu haziwatenganishi.

Waliofika walimpa Raila Odinga wa muungano wa Azimio ushindi katika kaunti zote tatu. Mandera pia iliwapa UDM, chama kilichokuwa ndani ya Azimio, ugavana na useneta. William Ruto alitangazwa mshindi wa urais tarehe 15 Agosti. Siku chache tu baadaye UDM ilihamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Viongozi wake walikuwa na hoja, na hoja hiyo si ya kipuuzi: eneo lililotengwa miaka 60 haliwezi kumudu kukaa upinzani miaka mitano mingine. Barabara, maji na vitambulisho viko mikononi mwa serikali. Mwenye njaa hachagui jiko.

Nakubali uzito wa hoja hiyo, na bado nasema imewagharimu wapiga kura kitu ambacho barabara haikirudishi. Aliyepanga foleni tangu alfajiri akachagua upande fulani, kisha akaamka kabla mwezi haujaisha akiwa upande mwingine bila kuulizwa, atapanga foleni tena kwa nguvu gani? Kisha tarehe 7 Machi 2025 Raila mwenyewe akatia saini makubaliano na Rais Ruto, na ODM, chama cha magavana wa Garissa na Wajir, kikajikuta serikalini na nje ya serikali kwa wakati mmoja. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, wanachama wa ODM wa kaskazini walibaki na swali ambalo hata wenzao wa Kisumu na Mombasa walikuwa nalo: tukienda 2027, tunamuunga nani, na ni nani ataamua?

Watu wa Banissa, kaunti ya Mandera, walikuwa na swali lililotangulia hilo: nani atatusemea Bungeni? Mbunge wao, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023. Kwa kuwa tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna, uchaguzi mdogo haukuweza kuitishwa. Mwaka 2023 ukaisha, 2024 ukaisha. Makamishna wapya wakaapishwa Julai 2025, na wakazi wa Banissa wakapiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Miaka miwili na miezi minane, zaidi ya nusu ya muhula, eneobunge la mpakani halikuwa na sauti Bungeni, na nchi ikaendelea na shughuli zake. Hapakuwa na chama kilichosimamisha kazi kwa sababu ya Banissa.

Kuna tabaka jingine la watu ambao hata uchovu huu hawajaufikia, kwa kuwa hawamo katika daftari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Wapiga kura walioandikishwa kwa uchaguzi wa 2022 walikuwa zaidi kidogo ya 201,000 Garissa, karibu 208,000 Wajir na 217,000 Mandera. Takriban mtu mmoja kati ya wanne. Kwa Kenya nzima ni karibu nusu. Sehemu ya tofauti hiyo ni watoto, maana kaunti hizi ni changa sana, na hesabu za watu wa kaskazini zimezua ubishi mahakamani tangu ile sensa ya 2009. Hata hivyo pengo lililobaki lina jina, nalo ni kitambulisho.

Kwa miongo mingi kijana wa Garissa aliyetimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya msasa, akathibitishe kwamba babu yake alikuwa Mkenya, wakati kijana wa Thika alipeleka cheti cha kuzaliwa tu. Wapo maelfu ya wengine ambao alama zao za vidole zilikutwa katika daftari la wakimbizi la Dadaab, kwa sababu wazazi wao, Wakenya, waliwaandikisha kambini nyakati za ukame ili wapate chakula na shule. Shirika la Haki na Sheria lenye makao Garissa limepigania kesi yao kwa miaka. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo kwa kaunti za mpakani. Ni hatua njema na nasema hivyo bila kusita. Lakini waliokwisha kupoteza chaguzi mbili au tatu wakiwa watu wazima wasio na kitambulisho hawarudishiwi chaguzi hizo, na afisa wa dirishani aliyezoea kumtilia shaka kila mwenye jina la Kisomali habadiliki kwa tangazo.

Vyama vingeweza kuifanya kazi hii kuwa yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inavitaka viwe na demokrasia ndani yake na viheshimu haki ya kila mtu kushiriki, wachache na waliotengwa wakiwemo. Ofisi ya chama Garissa ingeweza kuwa mahali kijana anapoanzia safari ya kitambulisho, kwa kuwa mwanachama asiye na kitambulisho hana kura ya kukipa chama. Badala yake ofisi nyingi hufungwa uchaguzi ukiisha, rangi ya ukutani ikapauka, na kufunguliwa tena mwaka wa kampeni. Katikati ya 2021, Msajili wa Vyama alipowawezesha Wakenya kukagua uanachama wao mtandaoni, wengi nchini walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Chama kinachokuandikisha bila kukuuliza hakitashindwa kukuteulia mwaniaji bila kukuuliza.

Sipendekezi mabaraza ya wazee yavunjwe. Nani atayavunja, na kwa manufaa ya nani, wakati risasi zinapolia Mandera wanaoitwa usiku ni wazee? Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana chini ya sheria iliyopo. Baraza likae, lipendekeze majina, si jina. Majina hayo yaletwe kwa wanachama wa chama, wadi kwa wadi, nao wayapigie kura ya siri. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2022 yanaruhusu mchujo wa wajumbe badala ya mchujo wa wanachama wote; basi orodha ya wajumbe ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya chifu, wiki kadhaa kabla, na wanawake wawe ndani yake kwa idadi inayoonekana. Chama kinachotaka kuhama muungano kirudi kwanza kwa wajumbe haohao. Gharama yake ni mafuta ya gari, karatasi na muda. Watakaoipinga watasema usalama hauruhusu, na baadhi yao watakuwa wakweli. Wengine watapinga kwa kuwa jina lao limekwisha kupita kikaoni, na kura ya siri haiwahakikishii kitu.

Uandikishaji wa wapiga kura ulifunguliwa upya tarehe 29 Septemba 2025, na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Mazungumzo ya nani achukue nini yameshaanza Garissa na Nairobi, mengine majumbani, mengine mahotelini. Wanachama wa vyama vyote bado hawajaitwa.